Tamko limetoka, ungo umegoma: kutatua matatizo ya kuinua vitu jukwaani

Karibu kila mchezo wa kuigiza wenye wachawi wa kubuni una onyesho hili: mwanafunzi wa uchawi ananyoosha kifimbo, anatamka neno lake, na kitu kidogo kinaachana na meza. Huwa ni unyoya, kalamu au kikombe. Kwetu mara nyingi ni ungo, kwa kuwa mtazamaji wa Kitanzania hahitaji kuelezwa kwa nini ungo uruke. Ndani ya hadithi huu ndio uchawi mdogo kuliko wote, wa darasa la kwanza. Jukwaani ndio unaoaibisha watu kuliko wote.

Yaliyomo hapa yametokana na matatizo yaleyale ninayoletewa na walimu wa vikundi vya maigizo na vijana wa mazingaombwe ya sherehe za watoto. Nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili kisababishi cha kwanza ndicho ninachokikuta mara nyingi zaidi. Fuata mpangilio huo. Mtu akikwama, jambo la kwanza hukimbilia dukani kutafuta uzi mwembamba zaidi, na uzi mwembamba ndio unaokuja kukatika siku ya onyesho. Mara chache sana ugonjwa huwa kwenye unene wa uzi. Utaukuta kwenye taa, kwenye roda, au kwa mtu anayevuta.

Nitachukulia kuwa mpango wako ni ule wa kawaida: uzi umefungwa kwenye kitu, umepanda juu hadi kwenye roda, umevuka hadi pembeni ya jukwaa, na nyuma ya pazia yupo mtu anayevuta. Ni kazi ileile ya gofia na henza kwenye jahazi, ila hapa tanga ni kalamu. Njia zisizotumia uzi nimezigusa kuelekea mwisho.

Kwanza pima uzito. Kama huna mizani, karatasi moja ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80, ina uzito wa gramu 5. Ning'iniza rula katikati kwa uzi, weka kitu chako upande mmoja, ongeza karatasi upande wa pili, hesabu. Chini ya gramu 100 uko salama na uzi wa cherehani. Kuanzia hapo hadi nusu kilo, tumia mshipi wa kuvulia samaki. Zaidi ya nusu kilo juu ya vichwa vya watoto, mimi sifanyi bila fundi, na nakushauri nawe usifanye.

Dalili: tamko limetoka, kitu hakitoki mezani

Kabla ya kupanda ngazi, angalia meza. Mara nyingi kitu kimenasa kwenye kitambaa. Ungo una ncha za ukindu na vijiti vinavyoshika kitambaa kama miiba, na kikombe chenye chai iliyomwagika hujigandisha. Inua kitu kwa mkono polepole: kikivuta kitambaa, umepata jibu. Toa kitambaa, au weka ubao laini juu yake.

Kama meza haina kosa, tembea na uzi kwa macho kuanzia kwenye kitu. Pengine umepita nyuma ya mguu wa kiti au umenasa kwenye vazi la muigizaji. Majoho ya wachawi ni mabaya sana kwa hili, hasa yale yenye nakshi za shanga. Nimewahi kuona uzi ukiinua mkono wa joho badala ya kalamu, na watu wakacheka hadi pazia likafungwa.

Kisababishi cha tatu ni uzi kutoka kwenye mfereji wa roda na kubanwa kati ya gurudumu na ubavu wake. Dalili yake ni kwamba mvuta uzi anahisi kitu kigumu, hasikii uzito. Asilazimishe. Legeza, tikisa uzi kutoka chini, vuta tena. Ukirudi kubanwa, basi roda yenyewe haijaelekea upande ambao uzi unatokea. Igeuze ikae sambamba na uzi. Uzi unaoingia kwenye roda kwa mshazari utatoka tu, leo au kesho.

Simama hapo kama roda iko kwenye kenchi za paa na njia pekee ya kuifikia ni kutembea juu ya dari. Dari ya jipsamu haibebi mtu. Ita seremala mwenye ngazi. Na usifunge roda kwenye ndoano ya pangaboi, wala kwenye bomba la nyaya za umeme, hata kama ndicho kitu pekee kilichopo katikati ya ukumbi.

Dalili: kinapanda kwa mishtuko

Kinatulia, kinaruka, kinatulia, kinaruka. Mtazamaji hajui fizikia, lakini anajua mkono wa mtu unapovuta kamba.

Mara nyingi hakuna roda kabisa: uzi umepitishwa juu ya boriti, au ndani ya pete ya pazia. Uzi ukikunjwa juu ya mbao hushikwa na msuguano, na kila kona unayoongeza huzidisha mshiko. Uzi unakaa hadi mkazo uwe mkubwa, halafu unaponyoka ghafla. Weka roda ndogo kila kona. Zile za plastiki za mapazia zinatosha kwa vitu vyepesi. Ukikosa, kibiringo tupu cha uzi kilichopitishiwa msumari laini kinafanya kazi vizuri, mradi kizunguke.

Cha pili ni mkono. Mkono wa binadamu hauwezi kuvuta polepole kwa usawa, hasa ukiwa na woga wa jukwaa. Dawa ni kuacha kuvuta na kuanza kuzungusha. Funga uzi kwenye fimbo ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita 2, uizungushe. Kila mzunguko unaingiza sentimita 6 na kidogo, kwa hiyo mizunguko minane inapandisha kitu nusu mita. Mvuta uzi anahesabu badala ya kukisia, na kila usiku kitu kinafika urefu uleule.

Kwa kitu kizito kidogo kama ungo, weka pia uzito wa kusawazisha upande wa mvuta uzi: kifuko cha mchanga chenye uzito mdogo kuliko ungo, pungufu ya gramu kama 20 hivi. Hapo mkono unabeba gramu 20 tu badala ya ungo mzima. Mchanga usizidi uzito wa ungo, la sivyo ungo utapaa wenyewe kabla ya mchawi kuingia, ukae juu ukiwasubiri.

Dalili: watu wanauona uzi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Anza na taa, uzi utafuata.

Mshipi wa nailoni unaopitisha mwanga unaonekana haupo ukiushika dukani. Chini ya taa ya jukwaa unageuka mstari wa fedha, kwa sababu uso wake laini unaurudisha mwanga kama kioo. Taa ya pembeni na taa ya nyuma ndizo wasaliti wakubwa. Kaa kwenye viti vya watazamaji, si jukwaani, na umwambie mwenzako azime taa moja moja. Utaijua yenye kosa ndani ya dakika mbili. Igeuze imulike kutoka mbele na juu, au ishushe imulike meza tu, ili uzi juu ya meza ubaki gizani.

Kisha tazama pazia la nyuma. Watu wengi huweka pazia jeupe au shuka la rangi moja, na uzi mweusi mbele ya shuka jeupe unasomeka kama mstari wa daftari. Pazia jeusi linafaa. Bora zaidi, kwa maoni yangu, ni kitenge cha rangi nzito chenye maua madogomadogo, maana jicho linapoteza mstari mwembamba katikati ya michoro. Kanga haifai sana kwa sababu pindo lake na mji wake vina mistari mikubwa, na zaidi ya hapo watu wataanza kusoma jina la kanga badala ya kutazama kalamu.

Baada ya hayo mawili, ndipo ubadilishe uzi. Uzi mweusi wa cherehani usiong'aa unashinda mshipi unaong'aa, hata ukiwa mnene zaidi. Kama uzito unakulazimisha kutumia mshipi, usugue kwa msasa laini sana, kidogo tu, kisha upake maka peni nyeusi. Usisugue sana, unakula nguvu zake.

Kisababishi cha nne miaka hii ni simu. Taa zote umezipanga, halafu mzazi wa safu ya mbele anawasha tochi ya simu kurekodi mwanawe, na mwanga wake unapita kwenye uzi moja kwa moja kurudi kwenye kamera. Mshereheshaji aombe tochi zizimwe kabla ya onyesho lile, na aombe kwa utani, maana akiomba kwa amri watu watajua kuna kitu cha kutafuta.

Kama baada ya yote hayo uzi bado unaonekana, gawanya mzigo. Nyuzi nne nyembamba zilizotawanyika zinaonekana kidogo kuliko uzi mmoja mnene. Wakongwe wa mazingaombwe walilijua hili zamani. Ile njozi maarufu ya mtu kuelea iliyofanywa London na John Nevil Maskelyne, na baadaye Marekani na Harry Kellar mwanzoni mwa karne ya 20, ilitegemea nyaya nyingi nyembamba zilizotawanywa, wala si kamba moja. Kellar alipostaafu mwaka 1908 alimwachia Howard Thurston onyesho lake.

Dalili: kinazunguka, au kinabembea

Ni matatizo mawili tofauti ambayo watu huyaita kwa jina moja.

Kinachozunguka kama pangaboi kina uzi uliosokotwa. Mshipi uliokaa mwaka mzima kwenye roli yake una kumbukumbu ya roli. Ukipewa uhuru unajifungua, na kitu kinazunguka nao. Uning'inize usiku kucha ukiwa na chubwi au kokoto chini yake, ujifungue wenyewe. Asubuhi utakuwa umetulia. Uzi wa cherehani nao umesokotwa kiwandani, kwa hiyo ukibeba uzito hujaribu kujisokotoa: uning'inize vivyo hivyo. Tatizo likibaki, funga kitu kwa nyuzi mbili, moja kila upande, zipande kwenye roda mbili zilizoachana kama nusu mita, kisha ziunganishwe kwenye pete moja nyuma ya pazia. Kitu kilichoshikwa sehemu mbili hakina namna ya kuzunguka. Kwa ungo hii si hiari. Ungo ulioshikwa sehemu moja utazunguka, na utainama pia.

Kinachobembea ni pendula. Muda wa kubembea hautegemei uzito wa kitu, unategemea urefu wa uzi. Uzi wa mita 1 huenda na kurudi kwa sekunde 2, na uzi wa mita 4 kwa sekunde 4. Kwa hiyo kuongeza uzito ili kitulie ni kazi bure, ingawa nimeona watu wakijaza kokoto kwenye kikombe. Angalia mambo haya kwa mpangilio huu.

Je, roda iko juu kabisa ya mahali kitu kilipokaa? Kama kitu kimewekwa sentimita 20 pembeni, kikiachana na meza kitaenda kutafuta chini ya roda yake, na hapo kubembea kumeanza. Ning'iniza timazi kutoka kwenye roda, weka alama ya chaki mezani. Hii peke yake huponya nusu ya kesi ninazoziona. Je, pangaboi limezimwa? Kiyoyozi? Dirisha la upande wa upepo? Kwenye kumbi za pwani upepo wa jioni unaingia hata usipoualika, na ungo ni tanga. Je, muigizaji anakigusa kitu kwa kifimbo kikiwa hewani? Mkataze.

Mwisho, mvuta uzi asivute kwa mapigo. Mapigo yakiangukia kwenye mwendo wa pendula, kila pigo linaongeza mbembeo, kama unavyomsukuma mtoto kwenye bembea. Kikishaanza kubembea hewani, usikishushe kwa haraka. Muigizaji amalize sentensi mbili za ziada, kitulie, ndipo kishuke. Waandishi wa michezo waandike sentensi hizo mapema, zikae kwenye mfuko wa muigizaji kwa dharura.

Dalili: uzi umekatika

Tafuta ulipokatikia, maana mahali panasema sababu.

Kwenye fundo: fundo lilikuwa baya. Fundo la kawaida la kukaza tu linaweza kuunyang'anya mshipi nusu ya nguvu zake. Fanya kama wavuvi: pitisha mara mbili kwenye kitanzi, zungusha mara tano, rudisha ncha ndani, lilowanishe fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Wengi hudhani mate ni imani. Nailoni ikikazwa kavu hujisugua, hupata joto na kudhoofika.

Kwenye roda au kwenye ukingo wa kitu: kuna ncha kali. Pitisha kidole, utaisikia. Kikombe cha bati na kopo ndio wakosaji wakuu.

Katikati, bila sababu: uzi mzee, au uliokaa juani, au ulioungua kwa taa. Taa za zamani za jukwaa hupata joto la kuyeyusha nailoni bila kuigusa.

Roli ya mshipi huandikwa kipenyo na uzito unaobebwa. Mimi nachagua unaobeba angalau mara tano ya uzito wa kitu changu, kwa kuwa mvuto wa ghafla huzidisha mzigo. Ndiyo maana sipendi mashindano ya uzi mwembamba. Ukikatika mara mbili kwenye mazoezi, acha. Usifunge tena ukaomba Mungu. Badilisha kitu kiwe chepesi: kikombe cha udongo kinaweza kuwa cha karatasi kilichopakwa rangi, na hakuna wa safu ya tatu atakayejua.

Onyo ambalo silifanyii mzaha: uzi uliokazwa kuvuka jukwaa kwenye kimo cha shingo au macho ni hatari, na watoto hukimbia gizani. Upitishe juu ya vichwa au chini kabisa ukutani. Wakati wa maandalizi fungia vitambaa vyekundu kila mita moja, uvitoe dakika za mwisho.

Dalili: kinapaa kabla ya tamko, au baada

Kwa kawaida mvuta uzi haoni jukwaa. Amekaa nyuma ya pazia, anasikiliza, na tamko lenyewe linafanana na maneno mengine. Mchezo mmoja nilioufanyia kazi ulikuwa na tamko la neno moja tu, "paa". Mvuta uzi akasikia muigizaji mwingine akisema "mvua inapiga paa", na kalamu ikaondoka. Tamko liwe na maneno matatu au zaidi yasiyotokea kwingine kwenye mchezo, na mvuta uzi aanze kwenye silabi ya mwisho.

Ukumbi ukiwa na kelele, acha kutegemea sikio. Toboa tundu dogo kwenye pazia, na ishara iwe ya mwili: muigizaji akigusisha kisigino chini, uzi unaanza. Kinachoharibu zaidi ni kumpa mvuta uzi kazi nyingine, mara muziki, mara pazia. Kwa dakika hiyo awe na uzi tu.

Ukiwa hutumii uzi

Sumaku. Lalamiko la kawaida ni kwamba "nimeweka sumaku mbili zinazosukumana, ya juu inapinduka na kuanguka". Hujakosea kupanga. Mwaka 1842 Mwingereza Samuel Earnshaw alionyesha kwa hesabu kwamba mpangilio wa namna hiyo, wa sumaku za kudumu zilizotulia, hauwezi kushika kitu hewani kikatulia. Lazima kuwe na kitu cha kuizuia, kama kijiti katikati yake au mzunguko wa kasi, au saketi inayorekebisha nguvu kila mara. Maada zinazosukumwa na sumaku zenyewe zinaweza kuelea kweli, na mwaka 1997 Andre Geim na wenzake huko Nijmegen, Uholanzi, walimwelesha chura aliye hai ndani ya sumaku yenye nguvu ya takriban tesla 16. Sumaku ya kariakoo haifiki hata tesla moja, kwa hiyo chura wako atabaki chini.

Linalofanya kazi jukwaani ni kugeuza mpango: ficha sumaku juu, ndani ya rafu au mkono wa joho, na kibanio cha chuma cha karatasi kifungwe kwa uzi kutoka mezani. Kibanio kitasimama hewani kikivuta kwenda juu, na watu wakiona uzi watadhani unakizuia kisiruke zaidi. Kikianguka, uzi ni mfupi mno na pengo limekuwa kubwa. Urefushe milimita chache chache. Kikiruka na kunata kwenye sumaku, ufupishe. Kikikataa kabisa, hakikisha ni chuma: alumini na plastiki hazishikwi.

Sumaku ndogo zenye nguvu ziwekwe mbali na watoto wadogo. Mtoto akimeza mbili, zinavutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Usisubiri aumwe tumbo. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Mwenye kifaa cha moyo kifuani asizishike.

Umeme tuli. Ule utepe mwembamba wa plastiki unaoelea juu ya bomba lililosuguliwa ni mzuri sana, na Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar utakuaibisha karibu kila siku. Unyevu wa hewa huweka utando wa maji juu ya kila kitu, na chaji inatoroka. Dodoma wakati wa kiangazi unafanya kazi bila shida. Pwani, jaribu chumba chenye kiyoyozi kilichowashwa kwa saa moja, na ukaushe bomba la plastiki na kitambaa juani kwanza. Utepe na bomba visuguliwe kwa kitambaa kilekile ili vipate chaji ya aina moja visukumane. Utepe ukinata kwenye mkono, mkono wako ndio ulio karibu mno. Plastiki iwe nyembamba kabisa. Tangu mifuko ya kubebea ipigwe marufuku Tanzania Juni 2019, mimi hukata ile inayofungia mashati mapya.

Upepo. Kipira cha tenisi ya meza kina gramu 2.7 na kipenyo cha milimita 40, na draya ya nywele iliyofichwa mezani inakiweka hewani vizuri. Kikianguka, kwanza angalia pangaboi, kisha kichwa cha draya: kile chembamba cha kunyooshea nywele kitolewe. Tumia hewa baridi. Kelele ya draya ifunikwe na ngoma. Usizibe matundu ya nyuma ya draya kwa kitambaa ili kuificha, itaungua. Ikitoa harufu, chomoa. Waya ukiwa umechubuka ni kazi ya fundi umeme, usizungushie selotepu.

Mwalimu anataka mtoto apae

Hapana. Kila mwaka ombi hili linakuja. Mtu hainuliwi kwa mshipi, wala kamba ya manila, wala kwa roda ya pazia, wala na baba mwenye nguvu. Kuinua mtu kunahitaji mkanda maalumu wa mwili, vifaa vilivyopimwa, jengo lililokaguliwa na mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Kama hao hawapo, mtoto akae chini na kivuli chake kipae ukutani: taa moja ya chini mbele ya shuka, na mtoto akisogea kuelekea kwenye taa, kivuli kinakua na kupanda.

Dalili: kimepaa vizuri, na hakuna aliyeshangaa

Hii hailetwi kwangu kama tatizo, lakini ndiyo ninayoiona mara nyingi zaidi. Uzi haukuonekana, kitu hakikubembea, na ukumbi umekaa kimya.

Tazama macho ya muigizaji. Akitazama juu kwenye roda, watazamaji nao wanatazama juu. Akitazama watazamaji, anaonekana anasubiri makofi. Akitazama kitu, nao wanakitazama. Kisha tazama mkono wake: kalamu inapopanda, mkono mtupu unaopanda bila juhudi hausemi lolote. Mwambie ajifanye anainua ndoo ya maji kutoka kisimani. Bega likaze, pumzi ibaniwe, na kitu kichelewe nusu sekunde baada ya mkono, kama kinasitasita. Kivuli cha kitu kionekane mezani, maana kivuli kinachoachana na mwenyewe ndicho kinachomwambia aliyekaa nyuma kwamba kweli kimeinuka.

Na kisipande juu sana. Sentimita 30 zinatosha kwa mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mara ya kwanza kiinuke kidogo, kianguke. Mvuta uzi anaachia makusudi, muigizaji anafuta jasho, anatamka tena.